Kipengele cha Kumi na Nne

Kwenye baraza ninalofanyia kazi wananiita Gundi. Jina limetokana na kiti. Kikao kikifunguliwa saa tatu asubuhi nakaa, kikifungwa saa tisa ndipo nainuka, na katikati hapo hamna cha chai wala cha chooni. Wajumbe wananitania. Kuna mmoja ana kitambi kikubwa na maneno makubwa kuliko kitambi, kila kikao lazima asimame aseme, "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba mapumziko ya dakika tano kwa kumhurumia karani." Watu wanacheka, na mimi nacheka nao, na sinyanyuki. Hawajui kwamba niliwahi kunyanyuka mara moja, dakika nne tu, katika bunge ambalo hata halikuwa letu, na dakika hizo mpaka leo zikinijia usoni napata joto.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha uhazili. Watu wakisikia uhazili wanadhani ni kupiga chapa. Kupiga chapa ni miezi ya mwanzo tu. Kazi yenyewe ni kuandika muhtasari wa vikao, na hiyo inataka roho ngumu, maana watu wazima na akili zao wanabwabwaja saa nne, halafu wewe unatakiwa uzigeuze ziwe ukurasa mmoja.

Mwalimu wetu tulimwita Bi Nukta. Mwanamke mfupi, mwembamba, miwani yake ilikuwa na mkono mmoja wa asili na mwingine wa waya, na sentensi isiyo na nukta aliirudisha bila kuisoma. Alikuwa na sheria zake, tulizikariri mpaka tukaziota. Katibu haandiki kilichosemwa, anaandika kilichoamuliwa. Katibu akikosea hafuti: anapiga mstari mmoja juu ya kosa, kosa lenyewe libaki linasomeka, na pembeni anatia saini na saa. Katibu hatoki kikao kikiendelea. "Hata ukihisi unakata roho," alikuwa akisema, "subiri tufike kwenye mengineyo."

Na kuhusu kura alitufundisha hivi. Hoja inaletwa, inajadiliwa, inarekebishwa kwa mdomo mpaka watu wachoke, kisha inapigiwa kura. Mara moja tu. Ikiwa imerekebishwa mara tatu, katibu anaandika, "Hoja ya tano, rekebisho la tatu," yaani hoja ile ile katika sura yake ya tatu na ya mwisho. Mikono juu, mikono chini, mlango umefungwa. Ndivyo tulivyofanya chuoni, na ndivyo nilivyoona kwenye kila baraza nililopelekwa kujifunza. Sikujua kama kuna watu duniani wanafanya vingine. Ningejuaje?

Basi mwaka huo chuo kikapata mwaliko. Bunge moja la Ulaya lilikuwa na mpango wa kuita wanafunzi kutoka nje, wakae wiki nzima wajifunze siasa za kule zinavyoendeshwa. Tulichaguliwa wanane, Bi Nukta akiwa wa tisa. Kila mwanafunzi angefuatilia jambo moja kwenye ratiba ya bunge, tangu Jumatatu mpaka kura ya Alhamisi, na kuliandikia muhtasari. Ratiba ililetwa mapema, kurasa kumi na mbili. Nikaibeba mpaka nyumbani nimwonyeshe Mama, kujisifu tu, sina la kuficha.

Mama yangu alikuwa na miaka kumi na minane kwenye banda la kufungashia mboga. Banda lile lilikuwa na meza sita ndefu za vigae vyeupe, na yeye alikuwa mkuu wa meza ya nne. Maharage mabichi yalikuja asubuhi na mapema, kreti kwa kreti, kutoka kwa wakulima sitini na zaidi, wengine shamba lao unalivuka kwa hatua thelathini. Yalimwagwa mezani, yakachanganyika, wanawake wakaanza kuchambua: lililopinda huku, lenye doa kule, fupi chini. Yaliyonyooka yalipangwa kwenye boksi, boksi likaingia chumba cha baridi, na jioni likaondoka kwa ndege kwenda huko huko nilikoalikwa mimi. Mama aliweza kuchambua huku anakugombeza na jicho lake lisikose doa. Kucha zake zilikuwa za kijani tangu ninapata akili.

Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye ratiba. Kidole kikasimama kwenye namba kumi na nne.

"Hii nini?"

Nikamsomea. Kila boksi la mboga kutoka nje lionyeshe shamba ambako mboga hiyo imelimwa, kwa cheti cha mkaguzi, shamba kwa shamba. Mama akavua miwani. Akaniambia msimamizi wao wa banda alishawaita wakalisikia hilo. Alisema waziwazi kwamba likipita, banda linafungwa, maana nani atawapatia vyeti wakulima sitini, na nani atajua harage hili limetoka shamba gani wakati yote yamelala meza moja?

"Hospitali wanatafuta wanawake wanne wa chumba cha kufulia," akasema. "Wametuchagua wanne wa meza yangu, mimi na wale wadogo watatu. Wanataka jibu Ijumaa, ndiyo au hapana. Sasa hii kura ni lini?"

"Alhamisi."

"Na Alhamisi wewe uko wapi?"

"Mle ndani, Mama."

"Basi Mungu ametuona. Utaniambia imepita au haikupita. Banda likibaki, nabaki, kule kufua mashuka ya wagonjwa kwa umri huu nitakuwa mtu wa kutumwa tu. Likifungwa, naenda kufua. Neno moja tu, mama yangu. Nakujua ukianza kueleza."

Nikaona ni jambo dogo. Mtu umesomea kuandika kilichoamuliwa, unaambiwa uandike kilichoamuliwa. Ugumu uko wapi?

Sasa nisikilize. Jengo lenyewe lilikuwa la vioo kuanzia chini mpaka juu, lina njia za ndani ndefu zenye mistari ya rangi sakafuni, ufuate wa bluu kwenda huku, wa kijani kwenda kule. Siku ya kwanza nilifuata wa bluu nikajikuta jikoni. Mwongozaji wetu alikuwa mama mmoja mrefu, mpole, skafu shingoni hata ndani ya chumba chenye joto. Tukamuuliza swali la kwanza kabisa, serikali yao iko chumba gani. Akatabasamu kama tumemwuliza umri wake. Akasema si serikali hasa. Ni nini basi? Akasema ni zaidi kidogo ya ushirika na ni pungufu kidogo ya serikali. Nikaandika hivyo hivyo, halafu Bi Nukta akachungulia daftari langu akanong'ona, "Hiyo siyo sentensi."

Jumatatu tukaonana na watu wanaoandika sheria, ambao hawakuchaguliwa na mtu. Jumanne tukapelekwa kwenye kamati ya mambo ya chakula, watu arobaini na wakalimani wao nyuma ya kioo. Niliwekewa visikilizio masikioni, nikachagua lugha tuliyosoma shuleni, na nilisikia kila neno bila shida. Shida haikuwa masikio. Walizungumza juu ya kipengele changu cha kumi na nne kwa muda wa saa nzima na nusu, wakashukuriana sana, wakainuka. Sehemu ya "Kilichoamuliwa" kwenye daftari langu ilikuwa tupu. Nikamfuata mzee mmoja wa kamati, mwenye nywele nyeupe na uso wa huruma.

"Samahani, sheria hii inaungwa mkono na nani?"

"Na chama chetu."

"Na inapingwa na nani?"

Akafikiri. "Na chama chetu pia, kwa kiasi fulani."

Nikamtazama nione kama ananichezea shere. Wala. Alikuwa anasema kweli tupu, akanipa na mkono.

Mwenzangu mmoja tulimwita Wakili, kwa sababu hakuna jambo alilokubali bila kulibishia. Yeye alikuwa anafuatilia kipengele cha tisa, habari za treni, na yeye alikuwa anastarehe. "Tatizo lako unatafuta mwisho," akaniambia Jumatano tukipanda ngazi. "Hawa watu hawana mwisho. Wana kuendelea." Nikamwambia akae na falsafa zake, mimi mama yangu ana jibu la kutoa Ijumaa. Nilimjibu kwa ukali, na kumbe ndiye peke yake aliyelishika jambo langu moyoni.

Kila niliyemuuliza siku ile kama sheria itapita aliniambia inategemea. Mwongozaji alisema inategemea. Kijana wa mapokezi, ambaye sikumuuliza yeye, naye akasema inategemea. Nililichukia neno hilo mpaka leo, kwenye baraza letu mjumbe akilitamka kalamu yangu inakataa kuandika.

Alhamisi ikafika. Simu tuliziacha mlangoni kwenye vikabati vyenye funguo, ndiyo utaratibu wao, tukapandishwa kwenye roshani ya wageni. Chini yetu kulikuwa na ukumbi wa duara na mamia ya watu. Nilidhani nitasikia hotuba, nitaona watu wakinyoosheana vidole. Hamna. Mwenyekiti alikuwa anasoma namba kwa haraka hiyo, mikono inapanda, mikono inashuka, "imekubaliwa," "imekataliwa," namba nyingine. Vipengele vitatu viliisha sijageuza hata ukurasa. Nilijiambia, tulia, unachosubiri ni kimoja.

"Kipengele cha kumi na nne," mwenyekiti akasema. "Rekebisho la tatu. Wanaokubali?"

Mikono ikapanda. Nikajaribu kuhesabu, haikuhesabika.

"Wanaokataa?"

Mikono ikapanda mingi zaidi, upande mzima wa kulia na katikati.

"Imekataliwa."

Hoja ya kumi na nne, katika sura yake ya tatu na ya mwisho, imekataliwa. Mlango umefungwa. Niliandika, nikapiga nukta, na nilimwona Mama wazi kabisa pale mezani, kofia yake ya wavu kichwani, anachambua hana habari kama amepona. Furaha ile sijawahi kuipata tena. Nikamwambia Bi Nukta naomba kutoka mara moja. Akanitazama juu ya miwani, nikashika tumbo. Ndiyo, nilishika tumbo. Nikashuka ngazi mbilimbili, nikafungua kabati, nikatoa simu, nikaandika: "Imekataliwa. Nimeona kwa macho yangu." Nikatuma. Niliporudi kwenye kiti changu walikuwa kwenye kipengele cha kumi na sita.

Mchana tukaenda kula kwenye ukumbi wao mkubwa, kila mtu na sinia lake. Wakili akaja akakaa mbele yangu, hakugusa chakula.

"Pole na ile sheria," akasema.

"Pole ya nini? Imekataliwa."

"Imepita."

"Wewe Wakili leo usinianze."

"Sikuanzi. Walichokataa ni rekebisho la tatu. Lile la kusema wakulima wadogo wasidaiwe cheti. Wakalikataa. Halafu wakapigia kura sheria nzima bila rekebisho. Ikapita. Ulikuwa chooni."

Nikamwambia haiwezekani, kura inapigwa mara moja. Akasema huku wanapiga kura kwa kila rekebisho peke yake, kisha wanapigia lote. Nikamwambia huo ni ujinga gani. Akanionyesha daftari lake. Kumbe tangu Jumatano alikuwa anafuatilia na cha kwangu, kwa ajili ya mama yangu ambaye hajawahi kumwona. Mstari wa kwanza: rekebisho la tatu, kuwaondolea cheti wakulima wadogo, limekataliwa. Mstari wa pili: kipengele cha kumi na nne, chote, kimekubaliwa. Mwandiko wake mbaya, lakini ulisomeka.

Nikasukuma sinia pembeni. Kwa hiyo mikono ile mingi iliyonifurahisha ilikuwa inamkataa Mama, si sheria. Na mimi nilishangilia.

Bi Nukta alikuja, akaomba daftari langu. Akasoma. "Kura ya pili ulikuwa wapi?"

"Nje, Mwalimu."

"Piga mstari."

Nikapiga mstari juu ya neno imekataliwa, nikatia saini na saa. Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Akanirudishia kalamu yangu akauliza kwa sauti ndogo, "Na huko ulikotuma, huo mstari utaupigaje?"

Alijua. Wote walijua.

Nikamkimbilia mwongozaji. Nikamweleza yote, banda, Mama, hospitali, Ijumaa. Akaweka mkono kifuani kwa huzuni ya kweli, akaniambia nisivunjike moyo, kwa sababu bado si sheria. Sasa inakwenda kwa mawaziri wa nchi zote. Mawaziri wanaweza kuikubali, au kuibadilisha, ikibadilishwa inarudi hapa, na hapa wanaweza kurudisha hata lile rekebisho la tatu.

"Kwa hiyo imepita au haikupita?"

"Imepita hapa."

"Na ikirudi?"

"Inaweza kuchukua mwaka. Au miwili. Inategemea."

Nikaomba kwenda kuchukua simu yangu.

Mama alipokea mara ya nne. Bandani simu hazikai mezani, zinakaa kwenye ndoo karibu na mlango mpaka mapumziko, na nyuma yake nilisikia wanawake wanacheka, wamechangamka. Hata salamu hakunipa.

"Umetuponya, mwanangu. Nimeandika ubaoni, kila mtu asome. Na hospitali nimeshakwenda."

"Umekwenda lini? Si Ijumaa?"

"Ijumaa ya nini wakati jibu ninalo? Tumeomba ruhusa ya dakika ishirini, tumekwenda wote wanne, tumewaambia hapana asanteni, tumerudi. Msimamizi mwenyewe kanipa mkono."

Niliegemea ukuta. Ukutani palikuwa na picha ya watu waliovaa suti wamepeana mikono, na mimi nikawa nawatazama viatu.

"Mama, subiri kwanza."

"Nasubiri."

Nikamweleza. Nilijitahidi iwe fupi, na haikuwa fupi. Rekebisho, kura ya kwanza, kura ya pili, mawaziri. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo ni ipi?" akauliza.

"Sijui, Mama."

"Lakini umeandika umeona kwa macho yako."

"Kura ya kwanza niliiona. Ya pili sikuiona."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilitoka nje kukuandikia wewe."

Kicheko kule nyuma kilikuwa kinaendelea, hawakuwa wamejua bado. "Haya," akasema. "Ukirudi utakuja uwaambie mwenyewe. Pale ubaoni sikuandika jina langu, niliandika lako."

Tulirudi Jumamosi. Jumapili Mama alipika, akanipakulia, akaniuliza habari za baridi na vitanda, na neno la banda hakulitaja. Nilitamani anipige. Jumatatu tukatoka pamoja asubuhi, akanipa viatu vya mpira na kofia ya wavu, maana bila hivyo huingii, tukaingia.

Ubao ulikuwa pale pale mlangoni, ule wa kuandikia idadi ya maboksi. Mama alikuwa amefuta idadi akaandika kwa herufi kubwa: IMEKATALIWA. Chini yake: ameona kwa macho yake. Na jina langu, lote, mpaka la babu. Wanawake walikuwa wamesimama na aproni zao, meza zote sita, na wale watatu wadogo wa meza ya nne walikuwa mbele. Mmoja wao alikuwa mjamzito, sikujua, mara ya mwisho kumtazama vizuri alikuwa msichana wa kuruka kamba. Walishaambiwa na Mama siku ile ile ya Alhamisi, wale watatu wakaona haya kurudi hospitali walikotoka kukataa, na sasa wote walitaka kulisikia kinywani mwangu.

Nikasema. Kura mbili, mawaziri, yote. Anayepima uzito, mama mmoja mnene tuliyemwita Bi Mizani, akaweka mikono kiunoni akaniuliza, "Sasa wewe umekwenda huko wiki nzima kusoma siasa. Hebu tuambie na sisi. Wanaotunga sheria ni hawa waliopiga kura, au ni hao mawaziri, au ni wale walioiandika?"

"Wote."

"Na wa mwisho ni nani?"

"Hakuna wa mwisho, Bi Mizani."

Akawageukia wenzake. "Wamemharibu mtoto wa watu."

Wachache wakacheka, na mimi ningecheka ningeweza. Mama akachukua chaki pale kwenye ukingo wa ubao akanipa. Alikuwa anajua sheria za Bi Nukta, nilimsimulia mwenyewe nilipokuwa mwaka wa kwanza, na mimi nilidhani alikuwa anachambua tu, hasikilizi.

"Usifute," akasema.

Nikapiga mstari mmoja juu ya IMEKATALIWA. Neno likabaki linasomeka. Nikatia saini. "Na saa," Mama akasema, nikaandika na saa. Chini nikaandika: Imepita. Bado si sheria. Lini, haijulikani. Nikaitazama sentensi yangu, ndiyo iliyokuwa matunda ya wiki nzima, na niliona aibu kuiwekea nukta.

Hapo ndipo yule mjamzito akaanza kusema. Alikuwa anamwambia Mama, si mimi. Alipita hospitali asubuhi ile kabla ya kuja, akawaomba wawarudishie nafasi zao. Walimwambia nafasi moja walishampa mtu mwingine Ijumaa. Zimebaki tatu. Na jibu wanalitaka leo kabla ya adhuhuri, hawatawasubiri tena.

Watu wanne, nafasi tatu. Hakuna aliyesema hesabu hiyo kwa mdomo. Wale watatu walitazama sakafu, na mimi nilimtazama Mama, nikaomba kimya kimya ajipiganie, aseme yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye ana miaka kumi na minane, yeye ndiye aliyeitwa wa kwanza. Alikuwa na haki ya kusema hivyo na hakuna ambaye angembishia.

Mama alivuta kreti la kwanza, akalimwaga mezani, akatandaza maharage kwa viganja viwili.

"Nendeni nyie watatu," akasema. "Nendeni sasa hivi, msije mkaikosa na hiyo."

"Mama Mkubwa, na wewe je?" mmoja wao akauliza.

"Mimi maharage yamekuja. Si mnayaona?"

Yule mjamzito alilia. Wakavua aproni zao, wakazikunja, wakaziweka mwisho wa meza moja juu ya nyingine, wakatoka. Ilichukua muda mfupi kuliko kusoma ratiba ya wale wa vioo. Nilikuwa bado nimesimama ubaoni, chaki mkononi, machozi yananishuka wala sikuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa ya vumbi.

Mama hakuinua kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda, lililopinda huku, lenye doa kule.

"Andika na hilo," akaniambia.

Nikageuka ubaoni nikaandika chini kabisa, palipokuwa na nafasi: Meza ya nne, anabaki mmoja. Nikaweka nukta, nikatia saini na saa, kisha nikavaa aproni mojawapo ya zile tatu, nikaenda kukaa mbele yake.